Hewa ya Mwanza imetoka kwenye mawe: ardhi ya sayari na angahewa yake vinavyoshikana

Kwenye hewa unayovuta hapo ulipo karibu asilimia 1 ni gesi inaitwa argoni, ile ile ambayo mafundi wa kuchomelea alumini na stenlesi wananunua kwenye mitungi, na hiyo argoni karibu yote imetoka ndani ya mawe. Granaiti iliyojaa Mwanza nzima, kuanzia Bugando, Isamilo, Mabatini mpaka lile Jiwe la Bismarck pale ziwani, ina madini yanaitwa feldspa, na feldspa ya pinki ina potasiamu, na sehemu ndogo sana ya hiyo potasiamu ni ya aina isiyotulia, inajibadilisha taratibu mno, nusu yake inaisha kila baada ya miaka bilioni 1.25, na sehemu ya inayobadilika inakuwa argoni. Argoni haishikani na kitu, kwa hiyo mwamba ukiyeyuka au ukioza inachomoka, inaingia hewani, inabaki humo. Imejikusanya hivyohivyo tangu dunia ikiwa changa mpaka imefika kiwango hiki cha leo.

Nimeanza na argoni makusudi kwa sababu inaonyesha wazi kitu ambacho shuleni tunakipita juu juu. Jiografia tunasoma miamba sura moja, hali ya hewa sura nyingine, mtu anatoka pale anaamini hewa na ardhi ni majirani tu wasiosalimiana. Kumbe hewa ya sayari ya mawe inatengenezwa na mawe yake na inaliwa na mawe yake, na ukitaka kujua sayari fulani itakuwa na hewa ya namna gani inabidi uulize kwanza huko chini kunaendelea nini. Na sisi wa huku Kanda ya Ziwa tumekaa pazuri sana kulielewa hili, maana chini yetu kuna mwamba wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, mbele yetu kuna ziwa, kushoto na kulia kuna matawi mawili ya Bonde la Ufa yenye volkano hai.

Tuanze mwanzo kabisa. Dunia ilipojikusanya miaka kama bilioni 4.5 iliyopita ilikuwa ya moto kiasi kwamba mawe yenyewe yalikuwa yameyeyuka, na mawe yaliyoyeyuka yanabeba gesi ndani yake, mvuke wa maji, hewa ukaa yaani kaboni dayoksaidi, naitrojeni, salfa. Yakipanda karibu na uso mgandamizo unapungua na zile gesi zinatoka. Baadaye uso ukapoa, mvuke ukashuka kuwa mvua, bahari zikajaa, lakini ule mchezo wa gesi kutoka chini haukuisha, unaendelea mpaka leo kwenye kila volkano unayoiona inafuka, kikubwa kinachotoka pale ni mvuke wa maji na hewa ukaa.

Sasa hapo mtu makini anauliza, kama volkano zinamwaga hewa ukaa miaka nenda rudi, mabilioni ya miaka, na hewa ukaa tunajua inazuia joto lisitoke, mbona hatujaungua?

Jibu lake unaweza kulishika mkononi. Nenda wanapopasua kokoto, kuna sehemu kibao tu kwenye vilima vya huku, okota jiwe lililopasuliwa sasa hivi uliangalie ubavuni. Ndani ni jeupe la kijivu, punje zake zina kona kali, unaona pinki ya feldspa, unaona maika inametameta, unaona kwatzi kama vipande vya kioo. Sogea kuelekea upande uliokuwa nje na rangi inabadilika, inakuwa kahawia, feldspa imepoteza mng'ao imekuwa kama unga, ukikwangua na msumari inatoka. Hiyo kahawia ni kutu, chuma kidogo kilichomo kwenye mwamba kimekutana na oksijeni. Na ule unga ni udongo wa mfinyanzi unaozaliwa.

Kilichofanyika hapo ni hivi. Mvua ikishuka inapita kwenye hewa inabeba hewa ukaa, ikizama kwenye udongo inabeba nyingine zaidi kutoka kwenye mizizi na vitu vinavyooza, maji yanakuwa asidi dhaifu. Ile asidi inapenya kwenye nyufa za mwamba inaila feldspa polepole, feldspa inageuka udongo, kalsiamu na sodiamu na potasiamu zinayeyuka zinaondoka na maji, na ile hewa ukaa inaondoka nazo ikiwa imeshageuka imefungwa ndani ya maji yenyewe. Kwatzi hailiki kirahisi, ndo inabaki kama mchanga, na ndo mchanga mwingi unaoukanyaga ufukweni. Hata umbo la mawe ya Mwanza, yale ya mviringo yaliyobebana mpaka mgeni anashangaa kwa nini hayaanguki, yametokana na hiyo hiyo kazi, jiwe lenye kona linaliwa kwenye kona kutoka pande tatu kwa mpigo, kwa hiyo kona zinaisha kwanza. Kazi kubwa ilifanyika wakati mawe bado yamefukiwa, baadaye udongo ukasombwa yakabaki yamesimama.

Kwa hiyo kila kilima unachokiona hapa ni mahali ambapo hewa ukaa imetolewa angani ikaingizwa kwenye maji. Granaiti ni mvivu kwenye hii kazi, basalti ya volkano inafanya haraka zaidi, ila granaiti imekuwepo muda mrefu.

Na mvua yenyewe imeletwa na ardhi, hili nalo watu hawaliwazi. Ziwa Victoria lipo kwa sababu upande wa magharibi uliinuka pamoja na Bonde la Ufa, mito kama Kagera na Katonga iliyokuwa inaelekea magharibi ikageuzwa, maji yakatuama katikati, miaka kama 400,000 hivi iliyopita. Halafu ziwa likaanza kujitengenezea hali yake ya hewa. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unavuma kutoka nchi kavu kila upande kuelekea ziwani, unakutana katikati, hewa yenye unyevu inapanda na radi zinaanza, wavuvi wa dagaa wanaotoka usiku na taa zao wanajua vizuri hiyo dhoruba ilivyo na inavyoua. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, mito yote ikijumlishwa inaleta kidogo tu. Yaani ardhi iliinuka, ziwa likazaliwa, ziwa likaita mvua, mvua ikarudi kuila ardhi.

Turudi kwenye hewa ukaa yetu iliyofungwa kwenye maji. Inashuka vilimani, inaingia ziwani, inatoka Jinja na mto Nile, inapita Uganda, Sudan Kusini, Sudan, Misri, mpaka bahari ya Mediterania. Kule viumbe vya baharini vinaichukua pamoja na kalsiamu vinajengea magamba, matumbawe vinajengea mifupa yao, vikifa vinashuka chini, vinarundikana, baada ya mamilioni ya miaka ni mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni pale Tanga yamechongwa kwenye mawe ya aina hiyo. Kilima cha Wazo pale Dar kinachochimbwa kwa ajili ya saruji ni hivyohivyo, hewa ukaa ya zamani imegandishwa kuwa mwamba, na ndo maana ukichoma chokaa kutengeneza saruji hewa ukaa inatoka tena kwa wingi, hata kama tanuri lingewashwa kwa umeme wa jua. Ilichukua mamilioni ya miaka kuingia, inatoka kwa dakika chache.

Ingekuwa hadithi inaishia hapo basi mawe yangemaliza hewa ukaa yote na dunia ingeganda. Lakini dunia hii ina mabamba, ule ukoko wa nje umekatika vipande vikubwa vinavyotembea sentimita chache kwa mwaka, na kwenye maeneo kama Indonesia, Japani, Chile, bamba la chini ya bahari linazama chini ya jingine likiwa na mzigo wake wa chokaa na maji. Huko chini linabanwa, linapashwa moto, hewa ukaa inachomoka, inarudi juu na volkano. Mzunguko umefunga.

Kwetu Afrika Mashariki namna ni tofauti kidogo, bara linachanika, na kaboni inapanda kutoka ndani kabisa kupitia nyufa. Ol Doinyo Lengai, mashariki ya Serengeti karibu na Ziwa Natron, ndo volkano pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya kaboneti wakati huu tunaoishi, lava yenye chumvi za kaboneti za sodiamu badala ya mawe ya kawaida, joto lake nyuzi 500 mpaka 600 tu wakati lava nyingine inapita nyuzi 1,000. Inatoka nyeusi, inatiririka kama maji, halafu ikishakaa kwenye hewa yenye unyevu kwa muda inageuka nyeupe. Angalia hapo vizuri, kaboni imetoka chini, na hewa imeanza kulibadilisha jiwe hata kabla halijazeeka. Na sio kreta tu inayotoa gesi, mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba nyufa za bonde la Natron na Magadi zinavuja hewa ukaa nyingi sana kutoka chini bila moshi wala mlipuko.

Tawi la magharibi nalo lina mambo yake. Pale Goma kuna mashimo na mabonde madogo ambapo hewa ukaa inavuja kutoka chini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida inatuama, watu wa kule wanaiita mazuku, mbuzi akiingia hatoki, mtoto akiingia hatoki. Ziwa Kivu lenyewe chini limebeba kilomita za ujazo kama 300 za hewa ukaa na kama 60 za methani, zimeyeyuka kwenye maji ya kina zimeshikiliwa na uzito wa maji ya juu. Huko Kameruni Ziwa Nyos lilifumuka usiku mmoja wa Agosti 1986, wingu la hewa ukaa likashuka mabondeni likaua watu zaidi ya 1,700 wakiwa majumbani kwao. Ziwa Victoria halina hatari hiyo, halina gesi ya namna hiyo na kina chake hakizidi mita 80 na kitu, nalisema kwa sababu hili swali linaulizwa sana na watu wanaogopa bure.

Sasa kitu kizuri kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni kwamba huu mzunguko unajirekebisha wenyewe. Fikiria friji, ndani kukipoa vya kutosha inajizima, kukipata joto inajiwasha, hakuna mtu anayesimama pale. Dunia ikipata joto, mvua inaongezeka na asidi inafanya kazi haraka zaidi, mawe yanakula hewa ukaa nyingi, joto linashuka. Dunia ikipoa, mvua inapungua, mawe yanakula kidogo, ila volkano haijali kama juu kuna baridi, inaendelea kutoa tu, hewa ukaa inajaa, joto linapanda. Wanasayansi James Walker, P. B. Hays na James Kasting ndo waliliandika wazo hili vizuri mwaka 1981, na lilitoa jibu kwa fumbo moja kubwa: jua lilipokuwa changa lilikuwa na mwanga pungufu kwa kama asilimia 30, kwa hesabu bahari zilitakiwa ziwe barafu, lakini miamba ya zamani inaonyesha maji yalikuwa yanatiririka. Hewa ukaa ilikuwa nyingi wakati ule ikafidia, na jua lilivyozidi kuwaka mawe yakaipunguza. Hata miaka milioni 700 hivi iliyopita, dunia ilipoganda karibu yote mpaka maeneo ya ikweta, volkano ziliendelea kutoboa barafu na kujaza hewa ukaa mpaka barafu ikashindwa.

Ila friji hii ni ya polepole mno, kurekebisha kwake ni laki kadhaa za miaka mpaka milioni. Hewa ukaa ilikuwa sehemu 280 kwa milioni kabla ya viwanda, leo imepita 420, na volkano zote za dunia kwa mwaka hazitoi hata asilimia 1 ya tunachotoa sisi binadamu kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi. Mtu akikwambia "dunia itajirekebisha yenyewe" anasema kweli, ila kwa muda ambao hakuna mjukuu wa mjukuu wetu atakayeuona.

Ukishaelewa hivyo, nenda sasa Zuhura. Ni sayari ya ukubwa karibu sawa na dunia, mawe yanayofanana, ila hewa yake ni hewa ukaa asilimia 96, joto la ardhini nyuzi 465, mgandamizo mara 92 ya wa kwetu, ni kama ungepanga Ziwa Victoria moja juu ya jingine zaidi ya mara kumi halafu ukasimama chini kabisa. Chombo cha Wasovieti, Venera 13, kilitua mwaka 1982 kikadumu dakika 127. Inachoshangaza ni kwamba hewa ukaa ya Zuhura ukiipima na kaboni iliyofungwa kwenye mawe ya chokaa ya dunia, vinakaribiana. Sisi tunayo ile ile, tofauti ni kwamba ya kwetu iko ndani ya mawe na ya kwao iko hewani. Zuhura iko karibu zaidi na jua, maji yake yakawa mvuke, mvuke ukapanda juu ukavunjwa na mionzi ya jua, haidrojeni ikatorokea angani, na tunajua ilitoroka kwa sababu haidrojeni iliyobaki ina sehemu kubwa ya ile nzito, zaidi ya mara 100 ukilinganisha na ya kwetu. Bila maji hakuna mvua, bila mvua hakuna wa kula hewa ukaa, na mabamba yanayotembea kama ya kwetu hatuyaoni kule, wengi wanaamini kukosa maji kunachangia hata hilo kwa sababu maji ndo yanayolainisha miamba. Volkano zikabaki zinajaza tu. Na bado zipo hai, mwaka 2023 watafiti walipopitia upya picha za rada za chombo cha Magellan za 1991 wakakuta tundu la volkano limebadilika umbo na kupanuka ndani ya miezi michache.

Mirihi iliharibikia upande wa pili. Ni ndogo, uzito wake kama sehemu moja ya kumi ya dunia, na kitu kidogo kinapoa haraka. Kiini chake kilipoanza kupoa uga wa sumaku ukazimika, miaka kama bilioni 4 iliyopita, na upepo wa jua, yaani chembe zinazotoka kwenye jua kwa kasi, ukaanza kuikwangua hewa moja kwa moja. Unarudi kwenye argoni hapo: chombo cha MAVEN kilichofika Mirihi 2014 kilipima aina nyepesi na nzito za argoni, na matokeo yaliyotoka 2017 yalionyesha kwamba karibu theluthi mbili za argoni iliyowahi kuwepo kwenye ile hewa imepotelea angani. Argoni haiwezi kujificha kwenye mawe kwa kemia yoyote, kwa hiyo ikipungua ujue imetoroka, hakuna maelezo mengine. Leo mgandamizo wa hewa ya Mirihi haufiki hata asilimia 1 ya wa kwetu. Volkano ilikuwa nayo, tena kubwa ajabu, Olympus Mons ina kimo cha kilomita kama 22, zaidi ya Kilimanjaro mara tatu, na imekuwa hivyo kwa sababu ukoko haukutembea, lava ilitokea sehemu ile ile muda wote. Lakini volkano zikapungua nguvu, ikawa hewa inapotea bila kurudishiwa.

Oksijeni nimeiacha makusudi kwa sababu yenyewe ilikuja kwa njia nyingine, kwa uhai, ila hata yenyewe mawe yaliisumbua. Ushahidi uko Geita hapo. Sehemu ya dhahabu ya Geita imekaa kwenye miamba ya chuma yenye mistari mistari, mstari wa chuma, mstari wa silika, miamba ya zaidi ya miaka bilioni 2.6. Miamba ya hivyo iliwekwa baharini wakati hewa haina oksijeni, maana chuma kilikuwa kinayeyuka kwenye maji ya bahari na kusafiri, kitu ambacho leo hakiwezekani, kingeshika kutu palepale. Vijidudu vya kijani, ndugu wa ule ukijani unaouona umetanda juu ya maji kwenye Ghuba ya Mwanza baadhi ya misimu (siongelei magugumaji, naongelea ile kama rangi iliyomwagwa), vikaanza kutoa oksijeni, lakini chuma cha baharini na gesi za volkano zikawa zinaila yote. Mpaka miaka kama bilioni 2.4 iliyopita ndo oksijeni ilizidi ikaanza kubaki hewani. Kwa nini ilichelewa hivyo wataalamu bado wanabishana, ila wengi wanaangalia ardhi, volkano kupoa na gesi zake kubadilika.

Hii ndo sababu wanaotafuta sayari nyingine zenye hewa sasa hivi wanafanya kazi na watu wa miamba. Darubini ya James Webb imeangalia sayari za nyota TRAPPIST-1, ziko saba za mawe, miaka ya mwanga 40 kutoka hapa, na vipimo vya 2023 vya ile ya ndani kabisa havikuonyesha hewa ya maana. Nyingine, 55 Cancri e, inazunguka nyota yake kwa saa 18 tu, inaaminika uso wake ni bahari ya mawe yaliyoyeyuka, na mwaka 2024 ikaonekana kama ina hewa yenye kaboni, ambayo kwa joto lile ilitakiwa iwe imeshapeperushwa, kwa hiyo maelezo yanayotolewa ni kwamba mawe ya chini yanaijaza kila inapopungua, kama ilivyokuwa kwetu mwanzoni. Na siku wakitangaza wameona oksijeni kwenye sayari ya mawe ya mbali, swali la kwanza halitakuwa kuna viumbe gani kule, itabidi wajue kwanza kama sayari ile haikupoteza bahari yake kama Zuhura, maana mvuke ukivunjwa na haidrojeni ikatoroka, oksijeni inaweza kubaki hewani bila kiumbe hata kimoja, na kinachoamua itabaki au itaisha ni kiasi cha mawe mapya na gesi za volkano zilizopo pale kuila.